Daftari la Tawi

Maneno haya niliyasema mimi, katibu wa tawi, mbele ya wanachama wa CUF, Chama cha Wananchi, wa tawi letu, Ngamiani, Tanga. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza tu pale niliporudia.

Haki!

(Sawa kwa wote!)

Asalaam alaykum. Na ndugu zetu Wakristo, Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, kina mama wenzangu, na nyinyi vijana wachache mliokubali kuja kumsikiliza bibi yenu, ahsanteni sana.

Niliazima viti sitini kwa jirani. Mnaviona vilivyobaki vitupu. Miaka ile tulikuwa tunaazima viti mitaa mitatu, na bado vijana walikaa juu ya ukuta na wengine wakapanda mwembe. Sisemi hivi ili niwavunje moyo. Mwenyekiti wa tawi aliniomba nizungumzie hali ya chama, na hali ya chama ndiyo hiyo mnayoiona hapo nyuma. Ningekuwa mwongo kama ningeanza na nyimbo za ushindi.

Nimekuja na daftari. Wengi wenu mnalijua, hili lenye jalada la bluu, limeshonwa mara mbili kwa uzi wa katani. Nimelishika tangu 1993. Ndani yake kuna jina la mtu, barabara anayokaa, siku aliyoingia na ada aliyolipa. Nimewaona watu wakiingia humu na nimewaona wakitoka. Leo nataka niyaseme kwa sauti yale ambayo kwa miaka mingi tumekuwa tukiyanong'ona kibarazani.

Swali langu ni moja: chama ni cha nani? Najua mtajibu cha wananchi, jina lenyewe linasema hivyo. Nisikilizeni kwanza, halafu mnijibu tena.

Vijana hamkuwepo, kwa hiyo nianzie mbali kidogo. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza watu kama wanataka vyama vingi. Katika kila watu watano walioulizwa, karibu wanne walisema chama kimoja kinatosha. Tume ikasema pamoja na hayo tuwape nafasi wale wachache, na 1992 sheria ikapita. Sisi ndio tuliokuwa wale wachache. Hapa Ngamiani mtu akijulikana ni "mpinzani", shemeji zake walikuwa wanaacha kumtembelea mchana.

CUF kikazaliwa mwaka huohuo kwa ndoa ya pande mbili. Visiwani kulikuwa na KAMAHURU, kundi lililodai vyama vingi, na huku Bara kulikuwa na Chama cha Wananchi cha Mzee James Mapalala. Mapalala akawa mwenyekiti. Mzee Shaaban Mloo akawa katibu mkuu, na Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar mpaka 1988, kisha akafukuzwa CCM na akafungwa, ndiye aliyekuwa roho ya upande wa pili. Haikupita hata miaka mitatu Mapalala akatolewa, akaenda zake, baadaye akaanzisha chama cha Chausta. Wazee mnakumbuka. Tuliambiwa ni jambo dogo, limekwisha. Mimi sasa naona halikuwa dogo wala halikwisha. Ugomvi wa nani mwenye chama, mtu wa Bara au mtu wa Visiwani, ulizaliwa siku moja na chama, na tukaulea pamoja nacho bila kuupa jina.

Lakini tulikuwa na nguvu! Oktoba 1995, kule Zanzibar, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa kura 165,271, na Maalim akapewa 163,706. Tofauti ya kura 1,565. Pemba yote ilikuwa yetu. Katika Baraza la Wawakilishi viti vya kuchaguliwa CCM ilipata 26, sisi 24. Chama cha miaka mitatu! Siku ile nilikaa na redio ya mkulima mapajani mpaka betri zikaisha.

Halafu yakaja mateso. Viongozi na wanachama wetu 18 wakafunguliwa kesi ya uhaini, wakakaa gerezani mpaka Novemba 2000. Uchaguzi wa 2000 ukavurugika Zanzibar. Januari 26 na 27, 2001 tukaandamana kudai uchaguzi mpya, na watu wakapigwa risasi Unguja na Pemba. Waliokufa walizidi thelathini. Wengine zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari mpaka Shimoni, Kenya. Shemeji yangu wa Wete alivuka kwa mashua usiku, na mtoto wa miezi saba. Alipofika akaniletea ujumbe kupitia mabaharia wa hapa Tanga, maneno mawili tu: "Tupo hai."

Nataka mlitie akilini hilo. Katika miezi ile ya 2001, daftari hili halikupungua hata jina moja. Liliongezeka. Kurasa hizi nne hapa, tazameni wino, zote ni za Februari mpaka Juni 2001. Watu walikuja wenyewe. Mama mmoja muuza vitumbua alilipa ada ya mwaka mzima kwa sarafu, akanihesabia moja moja. Nikamuuliza, mama, huogopi? Akasema: wameogopa wao ndio maana wanapiga. Mkuu wa polisi wa wakati ule alisema kama CUF ni ngangari basi wao ni ngunguri, nasi tukatembea mitaani tukijiita ngangari, na kweli tulikuwa ngangari.

Risasi hazikutuua, wanangu. Nitawaambia kilichotuua.

Nipite haraka kidogo miaka ya katikati. Profesa Ibrahim Lipumba aliingia uenyekiti 1999, Maalim akawa katibu mkuu, na kwa muda watu wale wawili walitoshana kama sahani na kawa. Katika urais wa Muungano Profesa alipata asilimia 6 na ushee mwaka 1995. Mwaka 2000, Chadema ikituunga mkono, akapata zaidi ya 16. Kilele chetu cha urais ndicho hicho. Mwaka 2005 tukashuka hadi karibu 12, na 2010 hadi karibu 8, na hapo Chadema ilikuwa imeshatupita Bara kwa mbali.

Kwa nini tulishuka Bara? Hapa nina maoni yangu, na najua wapo watakaonuna. Novemba 2009 Maalim alikwenda Ikulu ya Zanzibar kukutana na Rais Amani Karume, ukaanza ule tuliouita Maridhiano. Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, asilimia 66 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na baada ya uchaguzi Maalim akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kwa Zanzibar ilikuwa rehema. Watu waliokuwa hawazikani walianza kuzikana. Shemeji yangu aliniambia kwa mara ya kwanza amekunywa kahawa kwenye baraza ya CCM bila mtu kuinuka. Mimi sitalitukana jambo lililoleta amani hiyo, wala sitaki kumsikia mtu akilitukana mbele yangu.

Ila huku kwetu tulilipa. Vijana wa Chadema wakatuita CCM B. Wakatuimbia nyimbo za arusi, kana kwamba tumeolewa. Nasi hatukuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyekuja kutueleza matawi ya Bara tuseme nini. Chama kilikuwa serikalini upande mmoja wa bahari na upinzani upande wa pili, na sisi katikati tukaambiwa tuvumilie. Mwaka 2012 Hamad Rashid Mohamed alifukuzwa uanachama, wenzake wakaenda chama kipya cha ADC. Jambo dogo, limekwisha. Tulisema vilevile tena.

Sasa nifike pale panapouma.

Agosti 2015. UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, yaani sisi, Chadema, NCCR-Mageuzi na NLD, tumekubaliana mgombea mmoja kila jimbo. Chadema imempokea Edward Lowassa kutoka CCM. Profesa Lipumba hakuridhika, akajiuzulu uenyekiti, miezi miwili na nusu kabla ya kura. Mimi nililia siku ile. Nilidhani tumekwisha.

Halafu nini kikatokea? Kumbukeni! Oktoba 25, 2015, tukiwa hatuna mwenyekiti, tulipata matokeo mazuri kuliko yote ya historia yetu Bara. Tanga Mjini hii hapa, Mussa Mbarouk wa CUF aliingia bungeni. Mtwara Mjini, Tandahimba, Kilwa Kusini kwa Bwege wetu, ndivyo tulivyomwita mbunge wa pale, Kilwa Kaskazini, Mchinga, Liwale, Temeke, Kinondoni, mpaka Kaliua kule Tabora. Ukijumlisha na Pemba na viti maalumu, wabunge wetu walizidi arobaini. Mimi nilikuwa wakala kituoni. Tulilala na fomu ya matokeo chini ya kanga, tumekaa mduara, kina mama tisa, mpaka alfajiri. Wa Chadema alikuwa anatuletea chai, wa NCCR analinda mlango. Sikumbuki usiku mzuri kama ule katika maisha yangu ya siasa.

Nawauliza tena: chama ni cha nani? Usiku ule jibu lilikuwa mbele ya macho yetu. Kiti cha mwenyekiti kilikuwa kitupu na matawi yalikuwa yamejaa.

Siku tatu baadaye, Oktoba 28, Jecha Salim Jecha, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, akafuta uchaguzi wa kule. Uchaguzi wa marudio ukafanyika Machi 20, 2016, sisi tukasusa. Kwa hiyo Visiwani chama kikatoka mikono mitupu. Hakuna makamu wa rais, hakuna wawakilishi. Huku Bara tuna wabunge, tuna madiwani, na kwa sababu ya kura hizo tuna ruzuku ya Serikali kubwa kuliko tuliyowahi kuipata. Jiwekeni kwenye nafasi ya wenzetu wa Pemba. Wameporwa, wana hasira, na kila kilichobaki kipo ng'ambo ya pili ya bahari.

Katika hali hiyo, katikati ya 2016, Profesa akaandika kuwa ametengua kujiuzulu kwake. Agosti mkutano mkuu wa Dar es Salaam ukavunjika kwa vurugu. Baraza Kuu upande wa Maalim likamsimamisha uanachama. Septemba Msajili wa Vyama, Jaji Francis Mutungi, akatoa msimamo kuwa anamtambua Profesa ndiye mwenyekiti. Profesa akaingia ofisi kuu Buguruni na wafuasi wake. Maalim akabaki na ofisi ya Zanzibar. Tukawa na chama kimoja chenye makao makuu mawili.

Mimi nasema Serikali ilikuwa na mkono wake humo. Hiyo ni imani yangu, nimeisema sana na sitaifuta. Lakini leo sikuja kusema ya Serikali, maana hayo tunayajua mpaka watoto. Nataka tuseme yetu. Barua ya Msajili ingeweza kuandikwa mara mia na isifanye kitu, kama ingekuta chama ambacho wanachama wake wanajua kuwa neno la mwisho ni lao. Ilikuta watu wawili na ofisi mbili, na katikati yao pesa.

Hebu angalieni ugomvi ulikuwa wa nini. Nani atie sahihi benki. Nani apokee ruzuku. Nani awe mdhamini. Nani ateue nani viti maalumu. Julai 2017 wabunge wetu wanane wa viti maalumu, wote wanawake, wakavuliwa uanachama na upande wa Profesa, Spika akapokea barua, wakaapishwa wengine. Mimi ni mwanamke wa JUKECUF, jumuiya ya wanawake wa chama, najua wanawake wale walivyotafuta kura nyumba kwa nyumba. Walitoka bungeni kwa karatasi moja. Je, kuna tawi hata moja lililoulizwa? Sisi hapa tuliulizwa? Hatukuulizwa, na wala hatukudai kuulizwa. Hapo nami nimo. Nilikuwa na daftari mkononi na nikanyamaza.

Na kumbukeni jambo hili ambalo watu hulisahau. Tangu katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ilikuwa imepigwa marufuku, mpaka Rais Samia alipoifungulia Januari 2023. Kwa hiyo chama kilikuwa kinagombana bila wanachama kukusanyika. Uwanja wa Tangamano ulikuwa unaota majani. Habari za chama chetu tulizipata kwenye simu, kila mtu na kundi lake la WhatsApp, kila kundi na ukweli wake. Ndugu wawili wa tumbo moja, barabara ya 12, waliacha kuswali msikiti mmoja kwa sababu ya sauti waliyotumiwa na mtu wasiyemjua. Tulizoea kugombana uso kwa uso, tukimaliza tunakunywa kahawa. Safari ile hatukuwa na mahali pa kumalizia.

Wabunge nao wakaanza kutawanyika. Wa Kinondoni akahamia CCM Desemba 2017, akagombea tena kwa tiketi yao. Wa Liwale akafuata 2018, na wa Temeke mwaka huohuo. Majimbo tuliyoyalinda usiku kucha chini ya kanga yalikwenda mchana kweupe kwa barua ya kujiuzulu.

Machi 18, 2019 Mahakama Kuu ikaamua kuwa Profesa ni mwenyekiti halali. Jioni ile ile Maalim akatangaza kuhamia chama cha ACT-Wazalendo. Maneno yake mnayajua, shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee. Visiwani ofisi zilibadilishwa rangi zikawa zambarau karibu usiku mmoja. Wenzetu wengi walicheka na kushangilia. Mimi nilifikiria jambo moja tu: tanga linashushwa na kupandishwa, sawa, lakini chombo kile cha kwanza kimeachwa ufukweni, na ndani yake tupo watu.

Asubuhi yake alikuja mvuvi wetu mmoja, sitamtaja jina, mnamjua, nyumba ya kona. Alikuwa nambari ya saba katika daftari hili. Mwaka 2001 alikuwa anavusha watu bila nauli. Akaweka kadi yake mezani, akasema, "Mama Katibu, mimi nimeshusha." Nikamwambia kaa unywe chai. Akasema hapana, nikikaa nitabaki. Akaondoka. Baada yake wakaja wengine. Kwa wiki tatu sikufanya kazi nyingine ila kupokea kadi na kupiga mstari juu ya majina. Mistari hii yote, tazameni. Nilitumia rula ili isionekane nimekasirika.

Mimi nilibaki. Watu wameniuliza sana kwa nini. Wengine walidhani nimelipwa. Sikubaki kwa ajili ya Profesa wala sikumchukia Maalim. Alipofariki Februari 17, 2021, tayari Makamu wa Kwanza wa Rais kwa tiketi ya ACT, nilikaa eda ya moyoni. Nilibaki kwa sababu kuna majina humu ambayo hayana mstari. Mama wa vitumbua hana mstari. Alikufa 2018 akiwa mwanachama. Nani angemtunza yule?

Basi twende kwenye namba, hazina huruma. Uchaguzi wa 2020, Profesa akigombea urais, alitangaziwa kura 72,885. Nusu ya asilimia moja. Kutoka 16. Najua yote yanayosemwa juu ya uchaguzi ule, na mengi nayaamini. Lakini mezani petu hapa hatukupata hata mawakala wa kutosha kuweka vituo vyote vya kata. Hilo halikufanywa na Tume ya Uchaguzi.

Oktoba 29, 2025 ndiyo siku iliyonimaliza nguvu. Chadema haikuwemo kwenye karatasi ya kura. Mgombea urais wa Muungano wa ACT aliondolewa. Sisi tulikuwemo, na mgombea wetu Gombo Samwel Gombo. Tume ikatangaza asilimia 97.66 kwa mgombea wa CCM, wengine wote 16 wakagawana kisichofika asilimia tatu. Namba zile sizichukui kuwa kipimo cha mioyo ya watu. Siku ile intaneti ilizimwa na damu ikamwagika katika nchi hii, na wapo mama ambao mpaka leo hawajui walipo watoto wao. Mungu awape subira. Lakini nilikuwa hapa mtaani wiki zile. Nilisikia vijana wakizungumza kwa uchungu kwamba hawana wa kumpigia. Hakuna hata mmoja, narudia, hakuna hata mmoja aliyesema basi tuipe CUF. Hawakututukana. Hawakutukumbuka.

Chama kinachotukanwa kinaishi. Tulitukanwa miaka ishirini na tukashamiri.

Hatuko peke yetu katika hili, na Tanga inapaswa kujua kuliko mji mwingine wowote. Mwaka 1995 NCCR-Mageuzi ya Augustine Mrema ilipata karibu asilimia 28 ya urais. Hakuna mpinzani aliyefika hapo kwa miaka mingi. Mwaka 1997 mkutano wa viongozi wao ulivunjika kwa ngumi hapahapa, Raskazone, baharini pale. Nilikwenda kuchungulia kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani inayoungua, nikasema moyoni, sisi hatutafanya hivi. Mrema akahamia chama cha TLP 1999, mwaka 2000 akapata asilimia 8. NCCR ikaja kugombana tena 2022, safari hii juu ya James Mbatia. Ukitazama vizuri ni ugomvi uleule. Kiti kimoja, ruzuku moja, Msajili mmoja, na wanachama wanaoupata mkasa kwenye redio.

Sasa nijibuni. Chama ni cha nani?

(Cha wananchi!)

Kwenye katiba, ndiyo. Kwenye faili la Msajili ni cha yule anayetambuliwa na Msajili. Cheti kipo, jina lipo, jengo la Buguruni lipo, mwenyekiti yupo. Alichaguliwa tena Desemba 2024. Wananchi ndio tunaowatafuta.

Nitasema juu ya Profesa kwa heshima, maana ni mtu aliyeacha usomi wenye mshahara mnono akaja kulala nasi kwenye vumbi, akafundisha watu hesabu za uchumi juu ya gari la matangazo. Mimi binafsi nilijifunza maana ya deni la taifa kutoka mdomoni mwake. Lakini ameshika kiti tangu 1999, ukitoa mwaka ule mmoja. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ana watoto. Namwomba hadharani, kama mama anavyomwomba kaka yake: atuachie kwa mkono wake mwenyewe, aturudishie ukomo wa uongozi ndani ya katiba ya chama, asimamie uchaguzi wa atakayemfuata. Akifanya hivyo nitamwandikia barua ya shukrani na kila mmoja wenu ataweka sahihi. Asipofanya, sitakwenda mahakamani wala kwa Msajili. Nimechoka na wote wanaokwenda kule, na wanaoshinda na wanaoshindwa.

Wapo wanaosema tufunge, tuhamie ACT, kazi iishe. Sitawazuia. ACT wana watu wetu, wana makaburi yetu nusu. Wengine wanasema tusubiri, upepo utageuka. Huko ndiko nisikokubali. Tumesubiri tangu 2019 na kila mwaka ninapiga mistari ya waliokufa tu, sasa hata wa kuhama hawapo.

Mimi naona tuache urais kwa sasa. Fomu ya urais tunayoijaza kila miaka mitano inatupa picha gazetini na aibu ya miaka mitano. Tujenge mtaa. Mjumbe wa serikali ya mtaa mmoja anayejua bomba la maji la barabara ya 15 linakatika lini ana faida kuliko mgombea urais asiye na mawakala. Tudai mkutano wa tawi kila mwezi, tuandike muhtasari, tupeleke wilayani, na wasipojibu tupeleke tena. Ruzuku ikija au isije, ada ya tawi ibaki tawini. Zamani tulifanya hivyo, ndiyo maana risasi hazikutukuta tumelala.

Na kuna kazi moja ambayo hatujawahi kuifanya. Hatujawahi kwenda kwa waliotoka. Tumewaita wasaliti, wao wametuita vibaraka, na tunakutana sokoni Makorora tunainamisha macho. Watoto wao hawajui kwamba baba zao na sisi tulilala mlango mmoja kulinda kura. Tuwaendee. Tusiombe warudishe kadi, tusiwape kadi, tusiende na bendera. Twende tuseme: tulikosana, wengi wetu hatukuulizwa, nanyi hamkuulizwa. Tukae. Wakisema wapo vizuri ACT, tuwaambie vizuri, tushirikiane mtaani. Wakitufukuza, tutakuwa tumefika.

Najua mtu atasema, Mama Katibu, hizo si siasa, huo ni ujirani. Mwaka 1993 tulianza na nini kingine?

Nimemaliza. Nahitaji vijana watano wenye miguu mizuri. Nimenunua daftari jipya, kurasa mia mbili, bado sijaandika kitu. Jumamosi baada ya swala ya alasiri tunakutana hapa, tunaanzia nyumba ya kona, kwa yule mvuvi. Nitatangulia mimi kubisha hodi. Kadi yake nimeitunza miaka yote hii kwenye kurasa za daftari hili, na nitaibeba mkobani. Sitaitoa, mpaka aiulize mwenyewe.